Mama Mkwe na Tulipu Zangu za Kwenye Friji

Mama mkwe anaamini namroga mwanawe. Na ushahidi wake aliutoa kwenye friji yangu.

Dada yangu anayeishi Uholanzi aliniletea mbegu za tulipu. Zinafanana kabisa na vitunguu, na zisipokaa kwenye baridi kwa muda kabla ya kupandwa, hazitoi maua.

Sasa hapa Garissa baridi utaipata wapi kama si kwenye friji?

Nikazifunga kwa kitambaa, nikazificha chini ya nyama ya ngamia watoto wasizile, maana zina sumu.

Mwezi uliopita zikapotea.

Nikamshuku mama mkwe hapo hapo. Nilidhani amezikaangia mchuzi, nikawa namchungulia kama tumbo linamsokota.

Wapi! Mzima kabisa. Nikazidi kumshuku.

Leo asubuhi namkuta nyuma ya tangi, anamwagia udongo maji yaliyosomewa Kurani. Kumbe hufanya hivyo kila siku.

Na pale kwenye udongo, majani ya kijani yamechomoza!

"Niliuzika huu uchawi wako," akasema bila kunitazama, "na sasa unatoka."

"Eeddo," nikamwita kwa heshima, kama shangazi, "wallahi ni maua."

"Maua gani yanafungwa kitambaa na kufichwa chini ya nyama?"

Hebu nisaidieni jibu, maana mimi nilikimbilia jikoni kuchemsha chai.

Chai niliyompelekea hajaigusa. Hilo nililitarajia.

Lakini mume wangu alikuja kula mchana, akanong'onezana na mamake, akarudi kazini.

Kikombe cha mume wangu nacho kiko mezani, kimejaa.