Siku Nilipousitiri Mfereji Mkavu

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, anayeyajua tunayoyasema na tunayoyameza, na ambaye pamoja na kujua kwake hutupa muda wa kurudi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu, ahali zake na sahaba zake. Namshukuru kwa umri alonipa, na kwa watoto wa watu niliowasomesha hapa Maskati mpaka leo hunipigia simu kuniuliza hali.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mjumbe mmoja mzee wa Baraza aliniomba nimfungulie maji anawe mikono, nami nikasema uongo wa neno moja. Ntakusimulia yote, kwa sababu nasikia sasa na wewe umepata kazi serikalini, na kazi hiyo ina siku zake za kuulizwa.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika skuli ya wasichana. Idara ya elimu ilikuwa imejenga maabara mpya katika skuli kadhaa, na yetu ilikuwa miongoni mwao. Ilipendeza kuitazama: meza nyeupe, makabati ya vioo, sinki sita zinazong'aa, na juu ya kila sinki mfereji mzuri wa kufungulia maji, wa shingo ndefu. Kasoro yake ilikuwa moja. Mifereji ile haikuwahi kutoa tone la maji. Mkandarasi alizika mabomba chini ya sakafu, akaondoka bila ya kuyaunga na bomba kubwa la nje, na katika makaratasi ya idara kazi ikaandikwa imekwisha. Tuliandika barua mwaka mzima. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba jambo linashughulikiwa.

Kwa hiyo kila somo la vitendo wasichana walibeba ndoo mbili za maji kutoka uwanjani, tukaziweka karibu na mlango pamoja na kopo. Kwenye maabara tunatumia tindikali, na mtu akirukiwa nayo dawa ya kwanza ni maji mengi, papo hapo.

Basi ikaja khabari kwamba kamati ya Baraza, yaani wajumbe waliochaguliwa na watu, itatembelea skuli kuangalia idara ya elimu inavyoendeshwa na fedha za maabara zimetumika vipi. Baada ya ziara, wakubwa wa idara wangeitwa mbele ya kamati kuulizwa. Siku moja kabla ya ziara alikuja Mhandisi Khalfan wa idara. Mbele ya mwalimu mkuu alizungumza Kiarabu, juu ya usafi na mapazia. Tulipobaki naye mlangoni mwa maabara, akageukia Kiswahili, lugha ya majumbani kwetu. Mama yake na mama yangu walikuwa wakijuana tangu Unguja.

"Dada Rahma," akasema kwa sauti ya chini, "hili letu, tusiwape watu. Wakiuliza mfereji, sema maji yamekatika leo. Baada ya wiki mbili nakuletea fundi, wallahi."

"Wiki mbili hizo nazisikia tangu mwaka jana, Khalfan."

"Safari hii kweli. Mkurugenzi kashaniambia, likijulikana, wa kwanza kutoka ni mie. Nna watoto wanne. Nsitiri, dada yangu."

Neno hilo, mwanangu, ndilo lililonikamata. Tangu utotoni nimesomeshwa kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Nilimtazama yule mtu, jasho limemjaa na kiyoyozi kinafanya kazi, nikamhurumia. Nikamwambia sawa. Jioni ile nikazichukua zile ndoo mbili, nikazifungia stoo, ili mgeni asije akazikuta mlangoni na kuuliza za nini.

Wajumbe walikuja watatu. Wakakaribishwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wakapewa kahawa na halua, kisha wakaletwa kwangu. Wawili walitazama makabati, wakasifu. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo ya babangu, mtu wa kijiji cha pwani upande wa Yiti, anatembea na bakora na kidaftari kidogo mfukoni. Akaja moja kwa moja kwenye sinki, amevitanua vidole kama mtoto.

"Binti yangu," akaniambia kwa Kiarabu, huku anacheka, "halua yenu tamu, lakini haitaki kuniacha. Nifungulie maji ninawe."

Khalfan alikuwa nyuma yake. Sikumtazama.

"Maji yamekatika leo, ami."

"Leo?"

"Leo."

Akaniangalia kidogo, kisha akatoa kitambaa akajifuta, akaandika kitu katika kidaftari chake. Waliondoka. Khalfan alipita karibu yangu akaninong'oneza, "Mungu akulipe." Nami, mwanangu, nilirudi nyumbani najiona nimefanya jema. Nilisali magharibi nikiwa mwepesi kabisa.

Siku ya pili nilikuwa na somo la vitendo na wasichana wa miaka kumi na tano. Mmoja wao, Shamsa, mtoto mpole asiyependa kuonekana, alikuwa anamimina tindikali katika kichupa. Mwenzake akamgusa kiwiko. Nilisikia kelele, nikageuka, Shamsa ameshika jicho lake la kulia kwa mikono miwili.

Nikakimbilia ndoo pale mlangoni. Hapakuwa na kitu. Ndoo zilikuwa stoo, nilizifungia mwenyewe, na nilisahau kuzirudisha. Nikajikuta nafungua mfereji. Mwanangu, nilijua hautoi maji, kuliko mtu yeyote pale ndani, na bado niliuzungusha. Kisha nikambeba yule mtoto, nikakimbia naye ukumbi wa kwanza, ukumbi wa pili, hadi kwenye maji ya kunywa uwanjani. Mwendo ule mpaka leo sijui ulikuwa wa muda gani.

Hospitali daktari alimsafisha jicho, akalifunga. Akatwambia hawezi kusema kitu sasa. Siku ya tatu atalifungua, ndipo tutajua kama anaona. Mama yake Shamsa akanishika mikono mbele ya watu.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Wameniambia umembeba mwenyewe, umekimbia naye. Mwengine angesubiri gari la wagonjwa."

Kama angenitukana ingekuwa afadhali.

Nyumbani kwetu Ansab nilikuwa nikiishi na shangazi yangu, Bi. Zuwena, Mungu amrehemu. Alikuwa akisomesha Qurani wasichana wa mtaa, na ulimi wake ulikuwa hauna khofu na mtu. Alinikuta nimekaa jikoni sijavua hata baibui. Nikamwambia yote, tangu Khalfan mpaka jicho, nikamalizia kwa kujitetea.

"Nilitaka kumsitiri, shangazi. Kaniomba sitara."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Hebu nambie. Khalfan kalewa ukamkuta njiani?"

"Hapana, shangazi."

"Kateleza jambo lake la siri baina yake na Mola wake, ukaliona kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

"Basi umemsitiri nani? Mfereji?"

Nikaanza kuvua baibui. Yeye akaendelea.

"Sitara ni ya mja aliyekosea na kosa lake halimdhuru mwengine. Weye ulikuwa na watoto wa watu mbele yako, maji ni haki yao, umeaminiwa. Hiyo ni amana, Rahma. Akaja mtu mzima kukuuliza, hakuja kwa udaku, katumwa na hao hao wazazi wa watoto. Ukamfungia mlango. Halafu unanambia sitara! Miaka yote nilokusomesha, ndo umetoka na hilo tu?"

"Khalfan ana watoto wanne, shangazi."

"Na mama Shamsa ana wangapi wa kuchezea?"

Nikalia. Aliponiacha nikalia vya kutosha, akaniuliza kamati inawaita wakubwa wa idara lini. Nikamwambia keshokutwa, siku ile ile ya kufunguliwa jicho.

"Basi hawajaandika la mwisho. Kesho asubuhi unakwenda kwa yule mzee. Nami nakwenda na weye, maana ukenda peke yako utaishia sokoni."

Tulikwenda. Ngazi za jengo la Baraza nilizipanda kwa khofu, na shangazi ananisukuma mgongoni kwa mkoba wake. Yule mzee alitupokea, akatuagizia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata kauli. Kisha akafungua kile kidaftari, akanisomea: mwalimu amesema maji yamekatika leo.

"Nilitia shaka," akasema. "Lakini siwezi kupeleka shaka yangu mbele ya kamati, binti yangu. Mimi nauliza, ninyi mnajibu, na hayo mnayojibu ndiyo tunayoyafanyia kazi. Wenzangu wameshaandika kwamba maabara zimekamilika, na zikiandikwa hivyo hakuna tena atakayezirudia." Akakifunga kidaftari. "Utayasema haya kesho, na idara imekaa mbele yako?"

Shangazi akanikanyaga mguu. Nikasema ntasema.

Usiku ule sikuwa na raha. Niliiona kazi imeniponyoka, nikawaona watoto wa Khalfan, nikaliona jicho limefungwa. Niliomba dua moja tu, nisibadilike mpaka asubuhi.

Asubuhi, mbele ya kamati, Mkurugenzi wa idara alianza vizuri sana. Alikuwa na jalada nene, na alisema maabara zote zimekwisha na zinatumika. Khalfan alikaa nyuma yake. Mzee akasema kamati ina mwalimu anayetaka kusikilizwa. Nilisimama, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nilidanganya." Baada ya hilo mengine yalikuja yenyewe. Niliwaeleza mabomba, barua, ndoo na Shamsa. Sikulitaja jina la aliyeniomba. Nilisema niliombwa, nikakubali, na kukubali kulikuwa kwangu.

Mjumbe mmoja akauliza kama hali hii iko kwetu tu. Mkurugenzi akawa anapekua jalada lake. Karatasi zilikuwa zikilia chumba kizima. Ndipo Khalfan akainuka bila ya kuitwa, uso umempauka, akasema, "Skuli nyengine pia ziko hivyo. Na aliyemuomba mwalimu ni mimi."

Nilipotoka nje mama Shamsa alikuwa ameshanipigia simu mara tatu. Jicho limefunguliwa, anaona. Anaona kidogo kidogo, na mwanga mkali ulimsumbua tangu siku hiyo, hata alipokuwa mtu mzima. Nimemshukuru Mungu kwa lililobaki, na sijawahi kuacha kumuomba msamaha kwa lililopungua. Mama yake nilimwambia ukweli wiki ile ile. Alikaa muda mrefu hajazungumza nami, na ilikuwa haki yake.

Mimi sikufukuzwa. Nilihamishwa skuli ya mbali, nikavumilia. Khalfan naye alibaki, akashushwa cheo, na yeye ndiye aliyesimamia mabomba yakafukuliwa skuli zote na kuungwa upya.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wakija watu wenye haki ya kukuuliza, wajibu kama lilivyo, hata kama jawabu linakuvunja wewe mwenyewe. Usiwaone maadui. Nyuma ya mtu yule na bakora yake kuna mama aliyemleta mwanawe mlangoni kwako asubuhi akaondoka kwa amani. Siri ya mtu na udhaifu wake uzike, usimwambie hata mwenzako wa ndani. Haki ya wengine huna ruhusa ya kuifunika, hata akikuomba ndugu, hata akikuomba kwa lugha ya mama yako. Ukimuonea huruma mtu kama Khalfan, na umuonee, basi kaa naye, mwambie twende tukaseme pamoja. Hilo sikulijua wakati ule; ningelijua, ningempa njia mapema. Na ukishateleza ukasema lisilokuwa, rudi upesi kabla halijaandikwa la mwisho. Khofu itakuwepo. Mimi nimeisikia ngazi nzima, nikapanda nayo.

Ee Mola wetu, mfanye msomaji wa maneno haya awe mkweli siku ya kuulizwa duniani, na umfanyie wepesi siku ya kuulizwa kwako. Mhifadhie macho yake na ya watoto wake, mbarikie riziki yake ya halali, na umpe wa kumsukuma mgongoni pale miguu yake itakapogoma. Amin.