Bibi wa Kwenye Bango

Harufu ya adapta iliyopata moto hunirudisha kwenye banda la gemu kule Mabibo. Ukutani palikuwa na bango la gemu moja jipya, gemu lenyewe lilikuwa bado halijatoka, na sie tulishagawana mashujaa wake: "Mie huyu!" Mdogo wangu wa kike alichelewa, akaachiwa bibi kizee mwenye ndoo, pale pembeni.

Siku moja mzee mwenye banda akalibandua lile bango.

"Waliokuwa wanalitengeneza hilo gemu wamelifuta. Halitoki tena."

Tukasonya. Mdogo wangu akauliza, "Sasa bibi yangu ataenda wapi?"

Tulicheka mpaka basi. Mzee hakucheka. Alichukua mkasi, akamkata yule bibi taratibu, pamoja na ndoo yake.

"Shika, mama. Ukae naye."

Shujaa wangu mwenye upanga nilimkuta kesho yake kwa muuza karanga, kageuzwa karatasi ya kufungia.