Kufuta Risasi za Abti

Mwezi ule nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Asubuhi nilikuwa nikitengeneza simu za watu kwenye kibanda changu mjini Garissa, na alasiri nikienda kwa abti kuhangaika na bunduki iliyokataa kupiga pale inapoelekezwa. Abti ni mjomba, kaka ya mama. Kwetu neno hilo huenda na kurudi: mimi humwita abti, naye huniita abti, kwa hiyo tukigombana mtu aliye nje ya ukuta hajui nani anamkemea nani.

Ilikuwa bunduki ndogo ya leseni, zile ambazo pini hugonga ukingo wa kitako cha risasi badala ya katikati. Abti hakuwahi kuua chochote nayo. Nyani walipoingia kwenye migomba yake kando ya mto, alipiga ardhini mbele yao, wakakimbia wakimtukana. Lakini bila bunduki hiyo asingeweza kubaki shambani peke yake, na watoto wake walishamtengea chumba mjini, chenye zulia na feni. Alikitaja chumba kile kama mtu anavyotaja kaburi lililokwisha kuchimbwa. Safari hii, ili leseni itolewe upya, alitakiwa kupiga shabaha mbele ya polisi, na risasi zake ziingie ndani ya duara lenye ukubwa wa sahani. Zake zilikuwa zikienda popote.

Silaha sikufundishwa na mtu. Nilichojua nilikisoma kwenye simu kati ya mteja mmoja na mwingine. Na niseme ukweli kuhusu tabia yangu: kitu kikiwa na kasoro mikononi mwangu, chakula hakipiti. Zamani nilipokuwa najifunza, nilifungua simu ya mama, nikaifunga, skrubu moja ikabaki. Simu inafanya kazi hadi leo. Skrubu ninayo hadi leo.

Abti alinikumbusha skrubu hiyo siku ya kwanza tulipokaa na bunduki mbele yetu. “Hii ikibaki na kitu, abti,” akasema, “kitanirudia usoni.”

Koplo msimamizi wa uwanja wa shabaha alituruhusu kuja alasiri, yeye akiwa amesimama nyuma yetu muda wote. Nilianza na mambo mepesi. Skrubu moja ya darubini ya kulengea ilikuwa imelegea. Nikaikaza, nikafurahi, nikajiona fundi. Matundu kwenye karatasi yakabaki yametawanyika vilevile. Nikapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao wake, nione kama vinagusana. Havikugusana. Nikafunga utepe wa kitambaa kwenye nguzo ili nisome upepo, kwa sababu wakati wa jilaal, kiangazi chetu kikali, upepo wa kwetu hubadilika kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Tukangoja utepe utulie. Ukatulia, risasi hazikutulia.

Mwishowe koplo akaniruhusu nipige mimi, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Za kwangu pia zikatawanyika.

Abti alifurahi sana siku ile. Alimgeukia koplo, mtu wa bara, akamwambia kwa Kiswahili chake, “Umeona, afande? Hii bunduki iko mgonjwa.” Nami nilifurahi pamoja naye, ingawa tatizo lilikuwa halijasogea hata kidogo. Kosa la chuma nilijua naweza kulitafuta.

Nikaanza kusafisha mtutu. Kitambaa kilitoka na chembe za kijivu zinazometameta. Nikasafisha mpaka kikatoka cheupe. Siku iliyofuata matundu ya mwanzo yalikaribiana, halafu yakaanza kutangatanga tena. Nikasafisha tena. Nilikuwa nikisafisha, nikirudi mjini na harufu ya mafuta, wateja wakiniuliza kama siku hizi natengeneza pikipiki.

Na kila mara kabla ya kwenda uwanjani tulikuwa na kazi moja ambayo hatukuijadili. Tulitandika mkeka kivulini mwa ghala, tukamwaga risasi, tukazifuta moja moja. Risasi zile hutoka dukani zimepakwa kitu chembamba chenye utelezi. Hapa kwetu ukiacha mafuta juu ya kitu, umepanda vumbi. Madereva wa malori hufuta, wauza maziwa hufuta, mama hufuta cherehani yake mpaka inalia kwa ukavu. Abti alifuta kwa pindo la macawis yake, kikoi alichojifunga kiunoni. Mimi nilikuja na kile kitambaa laini cha kusafishia vioo vya simu, nikazing’arisha. Katika shughuli nzima, hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoifanya bila wasiwasi.

Ikaja siku abti alichelewa kwenye swala ya alasiri. Tulipofika uwanjani koplo alikuwa anataka kufunga, hakukuwa na muda wa mkeka. Tukafungua boksi jipya, nikapiga zilivyo. Chache za mwanzo zilipotea kama kawaida. Kisha matundu yakaanza kusogeleana kama mbuzi jioni mlangoni pa zizi, mpaka mawili yakaungana.

Koplo akainama mbele ya karatasi. “Leo umekula nini, kijana?”

Nilikuwa nasugua vidole vyangu, vinateleza. Ilikuwa nta. Ilipakwa makusudi, ili risasi, ambayo ni laini, ipite ndani ya chuma bila kujipaka humo. Sisi tuliifuta, halafu tukashangaa mtutu unajaa chembe za kijivu.

Nikampa abti bunduki, nikimweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Alikaa, akalenga kwa muda mrefu, akapiga zilezile zenye nta. Moja ilitoboa pembe ya karatasi. Moja iliingia kwenye fremu ya mbao. Nyingine hatukuiona. Akabadilisha bega, akajaribu jicho la kushoto, ikawa vibaya zaidi.

“Mzee,” koplo akasema, “nyani wakiletewa karatasi hii watarudi na wajukuu.” Alianza kucheka, kisha akauona uso wa abti, akaenda kuokota maganda.

Tuliporudi shambani abti aliweka birika la shaah motoni, akaniomba nimweleze tena habari ya nta. Nikaeleza. Alisikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya ngamia asiye wake.

“Kwa hiyo imepona,” akasema.

“Imepona, abti.”

“Daktari wa macho aliniambia la kulia limekwisha, na la kushoto linalifuata. Hakuna dawa ya kulirudisha. Sikutaka kukusumbua, una simu zako.”

Nilikuwa nimelitazama jicho lile mwezi mzima, umbali wa mkono mmoja, nikikagua skrubu.

Siku moja kabla ya kwenda mbele ya polisi, nilimkuta ametandika mkeka mwenyewe. Risasi zilikuwa zimemwagwa katikati.

“Zifute,” akasema.

Nilimwambia zitatawanyika. Akasema anajua. Nilimwambia nimehangaika mwezi mzima, kwamba hata kama atakosa, akose kwa bunduki iliyo sawa. Nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto aliyeharibiwa mchezo.

“Kesho nitakosa, abti. Afande akiipiga, naye atakosa, aseme ugonjwa wa bunduki umerudi. Watu wakisema bunduki ya mzee imechakaa, nitakwenda kukaa mjini na maneno hayo. Ni maneno mepesi. Wakisema mzee amepofuka, wataanza kunishika mkono hata kwenda msalani.” Akanisogezea risasi kwa kiganja. “Wewe umeitengeneza. Mimi najua.”

Nilitoa kitambaa changu mfukoni. Upande wa mto nyani walianza kupiga kelele kwenye migomba, na abti aligeuza shingo kuwasikiliza, lakini hakuinuka. Nilizifuta moja moja, na kila iliyokuwa imebaki na utelezi nikaifuta tena.