Sekela Si Bubu

Tupokigwe alikuwa mwanamke wa maneno. Kule Matwebe, akiwa shambani anachuma chai, utamsikia kabla hujamwona: anacheka, anagomba, anamtania karani wa mizani mpaka karani anasahau alichokuwa anaandika. Mtu mmoja tu hakuwahi kumtamkia hata salamu, naye ni Mzee Ambindwile, baba mkwe wake. Miaka kumi na moja! Mila ya Kinyakyusa ndiyo hiyo: mke wa mwana hasemi na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani anaingia migombani, khanga kichwani, mpaka mzee apite. Wengi wa rika lake walishalegeza, enzi hizi za ruksa nini hakijalegea? Tupokigwe alishika. Alimheshimu mzee, basi.

Binti yake Sekela alikuwa na miaka minane. Nyumbani alipiga domo kutwa, anawaimbia mbuzi, anamsuta baba yake Gidion kwa kuchelewa kutoka kiwandani. Akifika shuleni, kimya. Hata neno "nipo" wakati wa kuita majina halikutoka. Mwaka mzima wa darasa la kwanza! Alichapwa, akapigishwa magoti, akanyimwa mapumziko, na bado midomo ilikaza. Mbele ya babu yake ilikuwa vile vile, na mzee aliona aibu.

Ushauri ulikuwa bwelele. Jirani yao Elina alisema mtoto amerogwa. Zahanati moja ya mtu binafsi, katika zile zilizochipuka mjini Tukuyu baada ya serikali kuruhusu, ikasema dawa ni kukata kimeo, dakika tano tu. Tupokigwe alipoona mkasi unaletwa kabla hata mtu hajamtazama mtoto mdomoni, alimbeba Sekela mgongoni, na ukubwa wake wote ule, akaondoka.

"Kakate kimeo chako!" alimwambia yule bwana mwenye mkasi.

Akaenda naye hospitali, Makandana. Daktari Anyelwisye, mzee mfupi mwenye miwani, hakumuuliza Sekela kitu. Alimuuliza mama: anaongea wapi, na nani, alianza kuongea akiwa na umri gani? Akatikisa kiberiti nyuma ya sikio la mtoto, mtoto akageuka. Kisha akawapa karanga wazichambue wawili tu, akatoka, mlango akauacha wazi kidogo. Haukupita muda.

"Mama, hii imeoza, usile," Sekela akasema.

Daktari alirudi anatabasamu. Akamtuma Sekela akanawe mikono, ndipo akasema: "Masikio mazima, ulimi mzima, akili nzima. Huyu si bubu, wala si kiburi. Ni hofu. Mbele ya watu wa nje inamkaba, hata akitaka sauti haitoki, na fimbo inazidisha. Mwacheni aonyeshe kwa kidole, aandike. Akae na rafiki mmoja anayempenda, aanze kwa kumnong'oneza huyo. Mrudishe kwangu baada ya miezi mitatu. Tukiona hajasogea, nitakuandikia uende kwa mtaalamu Mbeya."

Akaandika yote hayo kwenye barua ya kupeleka shuleni, na mwishoni akaongeza neno kwa babu.

Shule sasa! Mwalimu mkuu, Amoni, alikuwa ameshaandika ya kwake: Sekela apelekwe shule ya viziwi, mbali huko, akalale bweni. Ilibaki sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Na mwenyekiti ni nani? Mzee Ambindwile, babu wa mtoto!

Siku ya kikao Gidion aliingia na Sekela na barua ya daktari. Tupokigwe alibaki nje chini ya dirisha, khanga kichwani, kwa kuwa mzee alikuwa ndani.

"Barua tumeiona," alisema Mwalimu Amoni. "Lakini mtoto si huyu hapa? Asome mstari mmoja, tumalize."

Akamsimamisha Sekela mbele ya watu wazima saba. Mtoto akatazama sakafu. Mtu mmoja akacheka.

"Labda tungempa muda," Gidion alisema. Baba yake akainua mkono, naye akakaa. Loo, Gidion! Kiwandani anawafokea wanaume wenzake, mbele ya baba yake ananywea. Mzee akaomba kalamu.

Hapo Tupokigwe akaingia. Khanga aliishusha mabegani.

"Tata," alimwita, yaani baba, na chumba kizima kikashtuka. "Huu mwaka wa kumi na moja sijakwambia neno. Nimekupikia, nimekuzalia wajukuu, hata siku ya msiba wa mama mkwe sikukupa pole. Nani aliwahi kukwambia mkweo ni bubu? Nani alinichapa fimbo ili nikuamkie? Mimi nilizuiwa na heshima, mwanangu anazuiwa na hofu. Sauti anayo! Daktari ameisikia. Weka hiyo kalamu chini. Na ukisaini, jua kabisa Sekela haendi."

Mzee alikuwa amegeukia ukuta, kama mila inavyotaka. Alisema kikao kimeahirishwa, akatoka.

Kijiji kilichacha. Elina alikuja mbio: "Mama Sekela, utalaaniwa! Peleka jogoo ukaombe radhi."

"Jogoo nitapeleka, mila ni mila," Tupokigwe alijibu. "Radhi siombi ng'o. Niliyoyasema, hata kesho nitayasema."

Jumamosi alimfunga jogoo kwenye mgomba uani kwa mzee, kimya, khanga kichwani, akageuza mgongo aondoke. Mzee alikuwa amekaa barazani. Akakohoa, akapaza sauti.

"Wewe jogoo! Aliyekuleta mwambie barua ya Amoni nimeichana. Mtoto anabaki darasani kwake, na fimbo nimekataza. Anayemwita mjukuu wangu bubu, aanze na mimi kwanza."

Tupokigwe alisimama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Bila kugeuka, naye akamwambia jogoo:

"Mwambie nimesikia. Na barua ya daktari aisome mpaka mwisho, maana babu naye ameandikiwa kazi: akae na mjukuu wake, asimuulize kitu, angoje mpaka mtoto aanze mwenyewe."