Mzee Niliyemnyamazisha Funguni

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe ambayo hata leo, nikiwa nimekaa zangu barazani na kahawa, ikinijia tu miguu inapata baridi. Nakuandikia kisa chake kwa kuwa nimesikia unataka kuoa, na nimesikia pia unavyomjibu mama yako.

Kwanza umjue anayekuandikia, maana sikukuzaa mimi, nakuita mwanangu kwa umri tu. Hii nyumba yangu ya matofali sikurithi. Baba yangu alilima mihogo kule Makurunge, na shule niliiacha darasa la tatu. Barua moja hunitoa jasho kuliko kuvuta nyavu. Lakini mashua zangu zinajulikana kuanzia Saadani mpaka Kunduchi, na ikitajwa arusi hapa Bagamoyo, watu huuliza kwanza kama samaki wametoka kwangu. Sijisifu. Nasema yalivyo.

Nilianza na unyoya. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru sikuwa na chombo wala wavu. Nilikuwa na mwanzi mrefu, mshipi, na ndoana niliyoifunga manyoya meupe ya jogoo kwa uzi, ikawa kama dagaa. Maji yakipwa natembea mpaka kwenye fungu, ule mchanga unaojitokeza mbali na pwani ya Kaole. Nasimama maji ya magoti, naupunga mwanzi nyuma na mbele, mshipi unaruka hewani, halafu unyoya unatua juu ya maji taratibu kabisa. Nauvuta kidogo kidogo. Kolekole akiuona, haulizi. Hakuna aliyenifundisha. Wenye vyombo vyao walinicheka, wakaniita Bwana Jogoo, lakini kusi likichacha wao wamekaa, mimi narudi na samaki begani.

Uvuvi wa namna ile una sharti lake, nalo ni kimya. Maji ni machache, samaki anakuona, anakusikia, kishindo cha mguu tu kinamfukuza.

Basi nilimpenda Mwanahawa, binti wa Mzee Haji, fundi wa milango ya nakshi. Nilipopeleka posa, mzee hakukataa wala hakukubali. Alimuuliza mshenga wangu, "Mtu asiye hata na ngalawa atamlisha nini mwanangu, manyoya?" Nikaona dawa ni aje ajionee. Nikamfuata mwenyewe karakanani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Bwana Jogoo?"

"Ndiye mimi. Nakuomba kesho twende funguni, ukaitazame kazi yangu."

Akapuliza vumbi la mbao kwenye patasi. "Mimi maji nayajua ya kutawadhia tu, kijana."

"Hayapiti magoti, mzee."

"Magoti ya nani?"

Alikuja lakini. Kusi linavuma, msuli kaukunja juu, kofia yake iliyoshonwa kwa mkono kichwani, meno yanagongana. Tukauvuka mkondo ulio kati ya pwani na fungu, nao wakati ule ulikuwa chini ya goti. Nilipoanza kupunga mwanzi, akacheka. "Sasa hapo unavua au unafukuza nzi?"

Nami kwa hamu ya kuonekana fundi nikamgeukia mtu wa umri wa baba yangu, nikamwambia, "Mzee, hapa ukisema neno tumekosa samaki. Simama nyuma yangu. Usiseme wala usisogee mpaka nikuambie."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Usishangae. Yeye mwenyewe akichonga ua la mlango, karakana nzima hakuna wa kupiga domo. Aliiheshimu kazi yangu kama alivyotaka yake iheshimiwe.

Sasa, mwanangu, kolekole hawapandi funguni maji yakiwa yamekupwa kabisa. Wanakuja na maji yanayorudi. Kwa hiyo saa tamu ya kuvua ndiyo saa ya kuanza kuondoka, maana ule mkondo ulio nyuma yako unajaa kabla fungu halijafunikwa. Nilikuwa nalijua hilo kama jina langu, na kila siku nilikuwa nikigeuka kuutazama mkondo. Siku ile sikugeuka. Nilikuwa nimeona migongo ya samaki ikikata maji mbele yangu, nikitaka mmoja tu, mkubwa, wa kumaliza maneno yote ya posa.

Nikampata. Alivuta mpaka mwanzi ukalia. Tulishindana, nikamlegezea, nikamvuta, mwisho nikamleta karibu, ubavu wake mpana kama sinia. Nikageuka kwa fahari nimwonyeshe mkwe.

Mzee Haji alikuwa amesimama palepale nilipomwacha. Mimi maji yalikuwa mapajani na sikuwa na habari. Yeye, mfupi, yalimfika kiunoni. Mikono kaikunja kifuani, midomo kaifunga. Nyuma yake mkondo umejaa, unakimbia, na pwani imekuwa mbali.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Si uliniambia nisiseme. Nilidhani ndio ufundi wenyewe."

Nikaukata mshipi. Samaki akaenda zake, mwanzi nao nikautupa. Nikainama, nikamwambia apande mabegani. Katikati ya mkondo maji yakanifika kidevuni, mchanga ukawa unatoroka chini ya vidole, mawimbi yananipiga machoni, sioni ninakokwenda. Nikawaza jinsi nitakavyomwambia Mwanahawa kwamba baba yake nimemzamisha mimi. Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu, ya upole kabisa.

"Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema, mzee. Sema."

"Kulia kwako maji meupe. Mbele yako meusi. Nenda kulia."

Nikaenda kulia.

"Bado. Bado kidogo. Hapo, sasa nyooka."

Nikamfuata kama punda wa kubebea chokaa. Maji yakashuka shingoni, yakashuka kifuani, tukatoka.

Tulikaa mchangani tumejikunyata. Sikuweza kumtazama, maana nilijua posa yangu imekwisha. Akaikamua kofia yake polepole.

"Samaki nimemwona," akasema. "Kazi unaijua, sina ubishi. Lakini Mwanahawa anasema sana, kachukua kwa mama yake. Akiona maji yanakujia nyuma atakuambia. Naye utamwambia anyamaze?"

"Siku nikimwambia hivyo, mzee, njoo umchukue mwanao."

Akaivaa tena kofia yake. "Nitakuja," akasema. "Lakini kwa njia ya nchi kavu."

Mwanahawa nikapewa. Na wallahi anasema. Amepata kuniambia mbele ya mabaharia wangu wote kwamba mashua niliyoinunua kwa mbwembwe ina mbao mbovu. Nilikasirika, nikashuka kuigonga kwa nyundo. Nyundo ikazama ndani ya ubao.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwanamume akishajua kazi yake vizuri, hutaka wote waliomzunguka wanyamaze, na wao kwa heshima au kwa hofu hunyamaza kweli. Usijivunie ukimya huo. Mama yako akikuambia neno usilolipenda, msikilize mpaka mwisho kabla hujamjibu. Mchumba wako naye usimwoe mpaka uwe umemwambia kwa kinywa chako kwamba ana ruhusa ya kukukatiza maneno, hata mbele za watu, hata ukiwa na samaki mkononi.

Mwenyezi Mungu akupe mke asiyekuogopa, akupe na subira ya kumsikia, na riziki yenu iwe ya halali na ya kudumu. Amin, mwanangu.