Mama mkwe anasema jina la mtoto ndilo lililoniponya

Admin, nifichie jina, sema tu ni mama wa upande wa Usinge, Tabora, inatosha. Shikamooni wakubwa zangu mnaosoma. Nina miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, nimeolewa kwa wakulima wa tumbaku na nina mtoto mmoja wa kike wa miezi saba. Nikikosea kuandika mnisamehe, naandika huku nanyonyesha.

Mtoto wangu nilimpenda tangu tumboni, na jina la Neema nilimchagulia kabla hajazaliwa. Lakini alipofika wiki ya tatu kitu kilizimika ndani yangu. Akilia, nilikuwa namsikia kama analia nyumba ya jirani. Maziwa yanalowanisha nguo, mimi nimekaa naangalia ukuta. Sikuoga, sikula, usingizi sikupata hata mtoto akilala. Watu wakipita wanasema, "Wazazi wa siku hizi, kuzaa mmoja tu kitanda hakipoi." Nacheka nao, nikiingia ndani nalia. Ilifika nikaona mtoto angelelewa vizuri zaidi kama nisingekuwepo. Hayo sikumwambia mtu.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema, hilo mlijue kabla ya yote. Yeye ndiye aliyeniogesha, akaninywesha uji kijiko kwa kijiko. Akaenda kwa mganga, akarudi na jibu. "Mwanangu, huyu mtoto analilia jina lake. Bibi yangu Kalunde anataka kuitwa. Alikuwa mkali akiwa hai, unafikiri huko aliko amepoa?" Sisi ni Wakatoliki, ila mambo ya majina ya mizimu kwetu yapo kila ukoo.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka mtoto kliniki kwenye chanjo. Nesi akampima, akaandika, halafu akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Tangu nijifungue wote walikuwa wanamuulizia mtoto. Nililia mpaka foleni ikasimama. Nesi huyo ndiye aliyeniambia kuna daktari bingwa wa afya ya akili anakuja hospitali mjini mara moja kwa mwezi. Nilipomwambia mume wangu akasema, "Mama Neema, nenda, lakini mama asijue. Ataona tumemdharau." Nikaaga kwamba naenda kumsalimia dada yangu anayeishi Chemchem, hukohuko mjini.

Daktari hakunishangaa. Alisema huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, unawapata wazazi wengi, siyo uvivu wala laana. Nikauliza habari ya kunyonyesha, maana nilisikia dawa hizo zinaharibu maziwa. Akasema, "Zamani tuliwaachisha wengi kwa hofu. Utafiti umeendelea, sasa zipo dawa mama anameza na ananyonyesha, na sisi tunamfuatilia." Kidonge kimoja kila asubuhi, na nafuu nisiitegemee kwa siku mbili tatu, zitapita wiki.

Vidonge nilivificha kwenye soksi ya mtoto. Siku tatu baadaye mama mkwe akatunyunyizia maji ya unga wa mtama, Neema akaitwa Kalunde. Ulipopita kama mwezi, asubuhi moja mtoto alipiga chafya nikajikuta nacheka. Mama mkwe alikuwa anapepeta, akatupa ungo, akapiga vigelegele. "Nilisema mimi, ni jina." Nikamkumbatia. Sisemi mizimu ni uongo, mimi ni nani? Lakini siku nilizokosa dawa jina lilikuwepo, na giza lilirudi.

Sasa kinachoniliza. Jirani yangu, nitamwita Rehema, amejifungua miezi miwili iliyopita. Nikimwangalia najiona. Amekonda, mtoto yuko pembeni yake wala hamgeukii. Juzi aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sina kazi hapa duniani." Mumewe alitaka kumpeleka hospitali. Mama mkwe wangu akamzuia, akanishika mkono mbele yao. "Hospitali ya nini? Mtazameni huyu mkwe wangu, amepona bila kidonge hata kimoja." Wote wakanitazama. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Mtoto wa Rehema anabadilishwa jina Jumamosi, na mganga amesema mama asiende popote mpaka jina lishike.

Na mara ya mwisho daktari aliniambia kuna utafiti unaanza. Wanataka akina mama waliopata nafuu wafundishwe kukaa na wenzao wanaoumwa, wawasikilize na kuwasindikiza kwa wataalamu. Akaniuliza kama nitaweza. Nilisema ndiyo kwa furaha, mtu ambaye hata ndani ya nyumba yangu sijasema ukweli.

Mume wangu anasema nisimvue nguo mama yake mbele ya kijiji. "Atakufa kwa aibu, na mtoto wetu hatamshika tena." Na mimi yule mama nampenda, pengine bila uji wake nisingefika hata kwa huyo daktari.

Leo ni Alhamisi. Bingwa yuko mjini kesho. Asubuhi nimemwambia Rehema neno moja tu, kwamba hali yake naijua, niliumwa hivyohivyo. Akanishika khanga, hakuiachia mpaka mtoto wangu alipolia.

Nikae chini na mama mkwe jioni hii nimweleze kwa upole, au nipande na Rehema gari la alfajiri, yatakayonikuta niyakute nikirudi? Mama zangu, dada zangu, mnaowajua wakwe kuliko mimi, nielekezeni. Ila msiniambie ninyamaze, hilo nimeshalijaribu.