Barabara ya Mbeya kwenye Ubao wa Baba

Enzi zetu pale Mlandege, mtoto hakuulizwa kama anasikia baridi. Mwezi wa sita ukiingia, Iringa ilikuwa na upepo wa kukata masikio, nasi tulikwenda shule pekupeku, kila mkono umefumbata kiazi cha moto kilichotoka jivuni. Kikianza kupoa, tunakila. Wajukuu zangu leo wanavaa soksi kitandani na bado wanapiga chafya.

Jioni ilikuwa ni rede, kombolela na magomvi. Magomvi ya nyumbani kwetu yaliamuliwa kwa drafti. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Kilwa aliyepanda huku juu kutafuta maisha, akaoa Mhehe, akausahau mnazi. Alichora ubao kwa mkaa kwenye kifuniko cha sanduku la majani ya chai, na kete zilikuwa vifungo vya makoti, vyeusi na vyeupe. Nani ataosha masufuria? Kaeni ubaoni. Nani atachota maji? Kaeni ubaoni. Aliyeshindwa halalamiki. "Ubao umesema," baba alikuwa akisema, na cherehani ikaendelea.

Ule mstari mrefu unaotoka pembe hadi pembe, baba aliuita barabara ya Mbeya. Alitufundisha kwamba kingi mmoja, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao wa mwenzio, akiishika barabara hiyo, hata akiwindwa na makingi watatu hakamatwi, na mchezo unakuwa sare.

Nilikuwa darasa la tatu aliposhuka kwenye lori Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, na mchele wa Usangu na mkungu wa ndizi. Alikuwa na mgahawa karibu na soko kule Mbeya. Mumewe alikwisha kufariki, na Mungu hakumjalia mtoto. Tuliushangilia ule mchele kama Idi. Tulipomaliza kula ndipo akasema alilojia.

"Mdogo wangu, nipe Zena. Nyumba yangu imekuwa kimya mno." Zena ndiye mimi.

Kwa desturi zetu shangazi haombi mtoto, anachukua chake. Baba akauliza kwa sauti ndogo, na shule je?

"Atasomea kwenye chapati," shangazi akajibu.

Shule niliipenda, jamani. Hata harufu ya chaki niliipenda. Mama akainamia vyombo. Baba hakuweza kumkatalia dada aliyemlea, wala hakuweza kunitazama. Mwisho akauvuta ubao. "Dada, hapa kwetu mambo huamuliwa hivi. Ukimshinda, umchukue. Akikushinda, abaki."

Shangazi akacheka, akajifunga kanga kiunoni. Hatukujua kwamba huko mgahawani kwake alikuwa akiwafunga madereva wa malori kila siku ya Mungu.

Alinila huyo! Nilicheza huku machozi yananizuia kuona kete, na kila nilipoinua macho vifungo vyangu vyeupe vimepungua. Vikabaki vitatu, yeye ana lundo. Akanyoosha miguu, akaita, "Jamani, mfungieni nguo zake."

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Mbele ya wifi yake alikuwa mtu wa kuitikia tu. Siku hiyo alisema, "Wifi, chungu hakioshwi kabla ya kupakua."

Nikafuta macho kwa upindo wa gauni. Nikautazama ubao upya, safari hii kwa macho makavu. Kwenye drafti kula ni lazima, utake usitake. Nikamsogezea kifungo. Akala. Nikamsogezea kingine, akala tena, na kete yake iliyokula ikatolewa kwenye mstari wake wa nyuma, mlango ukabaki wazi. Kifungo changu cha mwisho kikapita hapo. "Kingi!" nikapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akashtuka. Sikungoja. Zamu yangu ilipofika nikakalia barabara ya Mbeya.

Shangazi naye akaingiza zake, akapata makingi watatu, akaanza kuniwinda. Akija huku nateleza kule. Akifunga chini niko juu. Alinizungusha mpaka ikaadhiniwa alasiri. Baba akaweka mkasi chini. "Dada, hapo hapana mtu. Sare."

Shangazi akazisukuma kete pembeni. Kisha akanishika shavu. "Kitoto hiki king'ang'anizi kama kupe," akasema, na macho yake yakalowa. Nikaona kumbe na yeye alikuwa na cha kupoteza. "Ubao umesema sare, basi tugawane. Shule ikifunguliwa, wenu. Ikifungwa, wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila likizo nilipanda lori, nikafika Mbeya mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, na shangazi amesimama barazani na ndizi mbivu mkononi. Kusukuma chapati nilifundishwa na yeye. Siku nilipofaulu mtihani wa darasa la nne na kupata nafasi ya darasa la tano, aliufunga mgahawa mchana kutwa, na madereva wakala kwa majirani.

Siku hizi mpira ukiisha sare, vijana wanazomea. Mimi sare ilinipa mama wawili, nami nimewazika wote wawili kwa mikono hii, na bado nawatafuta nikisikia harufu ya chapati.

Juzi mjukuu wangu Rehema, ambaye hadithi hii ameisikia kwangu mara nyingi, alikuwa akicheza drafti kwenye simu. Kila akizidiwa, anafuta na kuanza upya. Nikamtolea ubao wa baba, na vifungo vyake, vingine vimeshameguka. Nikamla bila huruma, maana hata mimi sikuhurumiwa. Zikambaki kete mbili. Akanyoosha mkono azikusanye, nami nikamwambia maneno ya mama, chungu hakioshwi kabla ya kupakua.

Mkono ukasimama. Akauinamia ubao muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitulia.

"Bibi," akasema, "barabara ya Mbeya ni ipi?"